Mzee Apenisa na Kamba ya Bakuli

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuchora, kufuta na kuchora tena, Mzee Apenisa Rokotuiloma, mchoraji mkuu wa mabango wa Studio ya Tavola hapa Suva, Fiji, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Aliajiriwa mwaka 1989 kuosha brashi. Anaondoka akiwa bado anaosha brashi, kwa kuwa haamini kwamba mtu mwingine anajua kuziosha.

Kazi zake mnazijua, hata kama hamkujua kuwa ni zake. Yule mwanamke maarufu wa tabasamu la kubana midomo, ambaye kwenye ukuta wa duka la dawa amefungua kinywa na kuonyesha meno meupe, ni wa Mzee Apenisa. Yule anayepiga ukelele darajani, mikono mashavuni, na chupa ya achari ya pilipili miguuni pake, naye ni wake. Kabla ya kugusa karatasi, Mzee alikaa mbele ya picha ya asili aliyotaka kuiiga siku nzima, akiitazama tu. Alipoulizwa ameona nini, alijibu, "Bado hatujazoeana." Kisha alibadilisha kitu kimoja, mara nyingi kidogo sana, na kuacha mengine yote kama alivyoyakuta. Wengi wetu tulijifunza kazi kwa kukaa nyuma ya ule ukimya wake.

Si kila bango lilifaulu. Kampuni moja ya meli za abiria iliomba kitu chenye nguvu. Mzee akalichukua lile wimbi kubwa la Wajapani, akaiweka meli ya mteja chini yake, ndogo lakini shupavu. Lilikuwa bango zuri kuliko yote ya mwaka ule. Wiki hiyohiyo abiria wa kwenda kisiwa cha Kadavu walianza kukumbuka kwamba wana shughuli mjini. Bango likashushwa, na hadi leo linakinga upepo kwenye banda la kuku la Mzee.

Lakini wasifu huu hauwezi kulikwepa bango la karamu.

Bwana Kishor Raniga, mwenye kiwanda cha samaki wa kopo, ndiye mteja wetu mkubwa. Wakati ule kazi yake ililipa mishahara ya zaidi ya nusu yetu. Aliutaka ule mchoro wa karamu ya mwisho, watu wote wakiwa upande mmoja wa meza, ila wawe wanakula samaki wake. Mzee, ambaye ni mhubiri kanisani kwao, hakuthubutu kumchora yule wa katikati akila samaki wa kopo. Pale aliacha dirisha lenye mwanga. Waliobaki aliwatoa mezani akawaketisha mkekani, magimbi mbele yao, na mbele kabisa akaweka bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, lenye jina la kiwanda ubavuni. Kamba ya bakuli, ile yenye makombe meupe, ilielekea kulia alipoketi Bwana Raniga, ambaye alikuwa ameomba naye awemo. Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba kamba ile humwelekea mkubwa wa kikao, anayenyweshwa kwanza.

Kushoto aliketi msaliti, ameficha kopo la samaki nyuma ya mgongo, naye alikuwa na uso wa Maciu. Maciu ni mtoto wa mjomba wake Mzee, yaani mtani wake, na kwa miaka yote hiyo kila mwizi, mlevi na mgonjwa wa tumbo katika mabango yetu amekuwa na uso wa Maciu.

Ikaonekana kwamba nguzo ya umeme pale stendi ya mabasi ingemziba Bwana Raniga. Mzee akafanya kama wafanyavyo wachoraji wa mabango: aliigeuza picha, wa kulia wakawa wa kushoto. Bakuli hakuligeuza, maana jina la kiwanda lingesomeka kinyumenyume. Bango likachapwa, likatundikwa. Asubuhi yake mama mmoja muuza muhogo alilitazama, akainamisha kichwa, akalitazama tena. "Jamani," akawaambia wenzake, "siku hizi mwizi ndiye chifu?"

Kamba ilikuwa imemwelekea Maciu.

Maciu alipopata habari alikuja mjini amevaa sulu yake ya kanisani, ile shuka rasmi ya kiunoni. Kondakta alipomdai nauli, alimwonyesha bango. "Kijana, soma kamba, halafu uniambie kama bado unanidai." Kwenye kila kikao cha kava alitaka kikombe cha kwanza. Hata Mzee alipigiwa simu na Maciu. "Binamu, umechelewa sana," alimwambia, "lakini hatimaye umenichora vizuri."

Bwana Raniga hakucheka. Alipiga simu ofisini na sauti yake ikasikika hadi chumba cha rangi. "Samaki wangu, hela yangu, halafu anayenyweshwa kwanza ni anayeniibia?" Alitaka mchoraji aondoke, la sivyo angeondoka yeye na kazi yake yote. Mzee hakungoja kuambiwa. Alifunga brashi zake kwenye gazeti na kuaga, ili sisi wengine tubaki na kazi.

Lakini kabla ya kurudi kwake alikwenda na mizizi ya kava, kama ilivyo desturi yetu, nyumbani kwa Bwana Raniga, mtaa wa Samabula, kuomba msamaha. Getini alimkuta Maciu, ambaye hakualikwa na mtu.

"Umefuata nini?"

"Kosa lina uso wangu. Nitabakije nyumbani?"

Ndani, Mzee aliketi ameinamisha kichwa, akaiweka mizizi mbele ya mwenye nyumba. Maciu ndiye aliyekoroga kava. Alilizungusha bakuli taratibu mpaka kamba ikamwelekea mwenye nyumba, kisha akarudi kinyumenyume kwa magoti hadi mlangoni, penye viatu.

"Bosi," alisema, "nimekuwa chifu wiki nzima. Mgongo unaniuma kwa kukaa wima, na kila ninayekutana naye anataka nimgawie kitu. Chukua cheo chako. Ila huyu usimfukuze. Akikosa kazi atahamia kwangu, na mimi nimemvumilia tangu utoto."

Bwana Raniga alijitahidi kukunja uso. Alishindwa, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Akanywa kikombe cha kwanza. "Rekebisha kamba," alimwambia Mzee. "Mwizi mwache. Watu wameshamzoea."

Mzee aliirekebisha kamba kwa mkono wake, juu ya ngazi, pale stendi. Maciu alishika ngazi, na mara mojamoja aliitikisa.

Tangu hapo bango haliondoki Tavola bila mtu kuuliza, "Kamba je?" Tunauliza hata kwenye bango la matairi.

Mzee Apenisa, asante kwa macho uliyotupa na kwa siku ile uliyofunga brashi kwa ajili yetu. Uwe na afya, bustani yako istawi, na kuku wako wasipigwe na upepo. Hapo nyuma ya meza kuu ya sherehe hii ya kukuaga tumekutundikia bango jingine la karamu. Tumelichora bila wewe, ndiyo maana Bwana Raniga ana vidole sita. Dirisha tumeliacha mahali pake. Maciu yuko mlangoni na kopo lake. Wewe uko kulia, na nguzo hakuna. Kabla ya kulipeleka kuchapwa tuliulizana kama kawaida, tukaenda kuangalia, mmoja baada ya mwingine.

Kamba imekuelekea wewe. Kunywa kwanza.