Gatwiri Aliyeuonea Wivu Ugonjwa wa Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Gatwiri wa Mitunguu, mkulima wa ndizi, mke wa Koome, kifungua mimba wa mama yake. Gatwiri alizikwa mwezi uliopita, Machi 1998. Alikuwa na sauti kubwa, mikono yenye nguvu, na wivu ambao hakuwahi kuuficha. Familia imetuomba tusimpake sukari. Basi tutamkumbuka jinsi alivyokuwa.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya Kinya, mdogo wake. Kinya alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, shule ya nasari kule Kaaga. Mwaka wa 1994 vidole vyake vilianza kuvimba kila asubuhi. Nywele zikamtoka. Wekundu ukamtanda mashavuni. Alitibiwa malaria, haikusaidia. Akapimwa damu kutafuta baridi yabisi, kipimo kikasema hapana.

Gatwiri alifurahi. "Si niliwaambia? Damu imesema hana kitu. Ni uvivu tu wa watu wa chaki!"

Lakini Kinya alizidi kudhoofika. Akarudi Mitunguu kwa mama yao, ng'ambo tu ya mfereji kutoka kwa Gatwiri. Hapo ndipo moyo wa Gatwiri ulipochacha. Mama alimchinjia Kinya kuku. Alimkanda vidole kwa maji moto. Ng'ombe alikatiwa nyasi na Gatwiri, lakini maziwa yakaenda kikombe cha Kinya. Tena kuna hili. Miaka yote mama huyu aliitwa Mama Gatwiri, kama tunavyomwita mzazi kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sasa watu walipita wakiita kutoka barabarani, "Mama Kinya! Mgonjwa anaendeleaje?" Mama Kinya! Gatwiri aliposikia hivyo alitupa panga chini, akaingia nyumbani kwake, akafunga mlango.

Daktari Mbaka wa Meru mjini hakuridhika na kile kipimo cha kwanza. Aliamua kutuma damu ya Kinya Nairobi, ichunguzwe kama kinga ya mwili wake inamshambulia mwenyewe. Gatwiri ndiye aliyemsindikiza siku hiyo. Naye akanyoosha mkono wake mezani.

"Na mimi, daktari. Hata mimi vidole vinauma. Sisi ni wa tumbo moja."

Daktari aliviangalia vidole vyake. Havikuwa na uvimbe. Lakini magonjwa hayo wakati mwingine hutembea katika ukoo, na Gatwiri hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Akatolewa damu.

Majibu yaliporudi, Gatwiri alienda kuyachukua. La Kinya, pozitivu. La Gatwiri, pozitivu. Nasema tena, wasikilizaji: mtu na mdogo wake, wote pozitivu. Hakungoja daktari amweleze. Alifika nyumbani akipaza sauti.

"Mama! Hata mimi niko pozitivu!"

"Nyamaza wewe! Majirani watafikiri ni ukimwi!"

Hata hivyo, kuku wa pili alichinjwa. Mumewe Koome anakumbuka: "Wiki ile nilipalilia ndizi peke yangu. Nilipomfuata kwa mama yake, nilimkuta amejifunika blanketi, anakunywa supu, anatabasamu kama bibi arusi."

Kisha daktari akawaita wote wawili. Akawapima viungo, damu na mkojo. Akamwambia Gatwiri kwamba haumwi.

Gatwiri aliruka. "Kwani damu inasema uongo?"

"Haisemi uongo," daktari alijibu. "Una hizo chembe za kinga, lakini chache. Kuna watu wengi wazima wanazo, hasa ndugu wa mgonjwa. Viungo vyako ni vizuri na mkojo wako ni safi. Kinya anazo nyingi sana, viungo vimevimba, chembe zake nyeupe za damu zimepungua, na figo zimeguswa. Nikiyaweka yote pamoja, huo ni ugonjwa wa lupasi, kinga inayomshambulia mwenyewe. Kile kipimo cha kwanza kilikuwa kinatafuta kitu kingine."

Gatwiri alinuna. Walipotoka nje Kinya akamwambia, "Haya, tubadilishane. Wewe chukua supu, mimi nipe hayo magoti yako mazima."

Gatwiri akashika njia ya nyumbani. Kesho yake alikuwa shambani.

Je, wivu uliisha? Haukuisha. Alimsindikiza Kinya kliniki miaka yote, akilalamika njia nzima. Akiona Kinya amepewa yai, aliuliza lake liko wapi.

Mwaka huu mvua ya El Nino ilijaza mifereji, na mbu wakawa wengi. Asubuhi ya kliniki, Gatwiri alikuja kwa mama yake akitetemeka, kichwa kinamgonga. Mama alikuwa anamfunga Kinya shuka.

"Nendeni tu," Gatwiri alisema kwa uchungu. "Si daktari alisema mimi ni mzima?"

Jioni Koome alimkuta amelala kati ya migomba, anaongea maneno yasiyoeleweka. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Haikuwa lupasi. Ilikuwa malaria. Alifariki hospitalini kabla ya jua la pili kuchwa.

Mama yake alituambia hivi: "Nilimwona akitetemeka. Nikashika mkono wa Kinya nikaondoka. Nilikuwa nimemzoea kuwa mzima."

Na Kinya, ambaye bado yuko nasi na bado anatumia dawa, alisema: "Ni kweli alinionea wivu. Lakini mimi pia nilimwonea. Kila asubuhi nikiwa kitandani nilimsikia akipita na jembe anaimba, na nilimchukia kwa ule mwendo wake. Sikumwambia. Ningemwambia, angefurahi wiki nzima."

Kwa Mama, kwa Koome, kwa Kinya: poleni sana. Mungu awashike mkono.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, katika kila nyumba kuna mmoja ambaye hatumwulizi hali, kwa sababu tunadhani jibu tunalijua. Leo mwulizeni. Na msigeuke kwenda zenu kabla hajajibu.