Rufaa Aliyoiacha Zakaria Wepukhulu

Ndugu zangu wa kanisa la Marafiki, wakwe zetu, majirani wa ng'ambo zote mbili za mto Kuywa, na nyinyi mliotoka Kitale na jeneza mkiwa mmekalia magunia ndani ya lori ya mahindi, familia imenituma mimi Wabwile, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na nitasoma polepole, maana najua wako hapa waliokuja kulia, na wako waliokuja kusikia nitamtaja nani.

Marehemu Zakaria Wepukhulu alizaliwa mwaka wa 1904, papa hapa, katika boma la baba yetu, akiwa kifungua mimba. Alitahiriwa Agosti 1920, na asubuhi hiyo hiyo alitahiriwa kijana wa ng'ambo ya mto aitwaye Mukhisa, na nyote mnajua kwamba kwetu waliotahiriwa pamoja hawanyimani kitu, hata kama baadaye mmoja wao atajuta. Mwaka uliofuata aliingia shule ya misheni, akatoka 1923 akiwa anasoma Biblia bila kukwama na kuandika barua kwa mwandiko mzuri, na kuandika huko ndiko kulikomletea taabu, kama mtakavyosikia.

Januari 1925 alikwenda Kitale, akaandikwa kazi ya kuendesha maksai wa jembe katika shamba la Mzungu mmoja, kazi aliyoipenda kupita kiasi, hata akija likizo alikuwa akituita sisi wadogo zake kwa sauti ile ile ya maksai, na tulikuwa tunaitika. Tarehe 17 Desemba 1927 alifunga ndoa na Rispah, binti wa mzee Walubengo, na Mungu akawajalia watoto wanne, Lenah, Wilkista, Petro na Yona, ambao wote mnawaona wamekaa hapa mbele na mama yao.

Kwa kuwa alikuwa Kitale, shamba hili tulimosimama alimwazima Mukhisa, mwenzake wa jandoni, alime. Wageni wetu wa Kitale niwaeleze kidogo, kwetu mtu aliyeazimwa shamba analima, anavuna, anashukuru, lakini hazikii mtu wake humo hata siku moja, kwa sababu panapolala maiti ya mtu ndipo kwao, na hakuna mzee wa korti atakayekuambia vingine. Sasa Aprili 1938 mto ulifurika, na Mukhisa akiwa upande huu na mkewe na watoto, binti yao Sellah, wa miaka minne, akafa kwa surua, na kumvusha kwenda kwao haikuwezekana. Mukhisa alituma mtu kwa baiskeli mpaka Kitale kumwomba mwenye shamba ruhusa, na ndugu yangu, bila kusimamisha maksai, bila kuuliza mzee yeyote, alijibu neno moja tu.

"Mzike."

Mwaka wa 1950 Mzungu aliuza shamba lake, wafanyakazi wakafukuzwa, na marehemu akarudi hapa na Rispah na mizigo yao, ndipo Mukhisa akamwambia kwamba hawezi kuondoka mahali alipolala mtoto wake. Wakafikishana kortini. Tarehe 14 Machi 1951 wazee wa korti walikuja, wakalitazama lile tuta la kaburi, wakampa Mukhisa shamba, na mmoja wao nilimwona mimi mwenyewe jioni ile akitoka kwa Mukhisa akifuta mdomo, na si uji aliokuwa amekunywa.

Marehemu alipanga chumba Tuwan, kule Kitale, akapata kazi katika ghala la mahindi, na huko Tuwan ndiko fikira zilipomwanza. Alijiuliza, nani alimwona Sellah akizikwa? Yeye alikuwa Kitale, mimi nilikuwa Kisumu kwenye kazi ya reli, wazazi wetu walikuwa wameshatangulia, na yule mtu wa baiskeli alikuwa shemeji yake Mukhisa. Ati mto ulifurika, ati surua, mbona yote yaangukie siku moja? Akakata rufaa, na katika barua ya rufaa akaandika kwa mkono wake kwamba kaburi lile ni tupu, ni udongo uliorundikwa ili siku moja umwibie shamba. Mimi niliisoma, nikaona ni sawa kabisa, na mpaka jana nilikuwa bado naona hivyo.

Oktoba 1952 korti ya rufaa iliuliza ni nani atakayeshika jembe afukue kaburi la mtoto ili ijulikane, watu wote wakatazama miguu yao, na rufaa ikatupwa. Akakata tena kwa Bwana DC, ambaye alifika hapa Juni 1954 na mkalimani wake, akamuuliza Mukhisa kama anakubali lifukuliwe, na Mukhisa hakujibu neno, aliinamisha kichwa tu mpaka Mzungu akachoka akaenda zake, naye pia akampa Mukhisa shamba. Ndugu yangu alishika kimya kile kama ushahidi. Akakata rufaa ya mwisho, ya Nairobi, ikaamriwa shamba lisiguswe na yeyote mpaka isikizwe, na siku iliyowekwa ni tarehe 20 mwezi ujao.

Mei mwaka huu wa 1956 alianza kukohoa, akalazwa hospitali ya Kitale, na daktari akasema ni mapafu. Nasikia wengine mnanong'ona sumu. Miaka mitano hii marehemu hakuonja hata maji ya upande huu, alikuwa akija kwenye kesi na chupa yake kutoka Tuwan, kwa hiyo anayesema sumu anitajie ni nani aliyemnywesha, au anyamaze. Alifariki juzi, Alhamisi tarehe 9 Agosti, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Rispah, na ombi lake lilikuwa azikwe hapa, ili Nairobi wakija wamkute shambani kwake.

Jana nilikuja na wachimbaji nikitegemea kukuta askari. Niliwaweka wachimbe ubavuni kabisa mwa lile tuta, na sababu yangu mnaielewa. Kabla hawajafika magotini akaja Mukhisa, peke yake, kofia mkononi, nami nikajua ni mtego.

"Hapo msichimbe, Wabwile," akasema, "mtamgonga Sellah kichwani. Sogeeni upande wa mto."

Nikamuuliza kama anajua kwamba tukimzika Wepukhulu hapa, kesi yake yeye imeharibika. Akasema anajua.

"Shamba ningemrudishia, tulitahiriwa siku moja. Siku ile niliyokataa kuondoka nilikuwa na uchungu tu, na uchungu ungepita. Lakini aliandika kwamba mtoto wangu hayuko." Akavaa kofia yake, akaivua tena. "Mzikeni."

Nililigeuza neno hilo juu na chini nikitafuta ujanja ndani yake, na tabia yangu mnaijua, kama ungekuwemo ningeupata. Wachimbaji wakafukia pale walipoanza, wakasogea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, wenzake wa ghala waliotupa lori, majirani wa Tuwan waliokaa na Rispah, na wenzake wa jandoni waliochimba, wote, hata yule aliyewaonyesha mahali. Tarehe 20 Septemba nitakwenda Nairobi, na Mukhisa amesema atapanda gari moshi pamoja nami, na kabla ya neno lingine lolote nitaomba ule mstari wa kaburi tupu ufutwe, kwa sababu mwenye kuuandika hawezi tena kuufuta mwenyewe.

Mukhisa, naona umekaa kule nyuma kwenye ua. Njoo mbele, ndugu yetu, udongo wa kwanza ni wako.

Na wewe kaka, umefika kwako, lala kwa amani, hakuna wa kukuhamisha, na hapo ubavuni mwako yuko Sellah.