Picha za Wakubwa na Maji ya Hai Mauna

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa jopo la watahini, wahadhiri, wazazi wetu na ninyi wanafunzi: nawasalimu nyote, na salamu zangu zimekwisha. Mtaona sasa hivi kwa nini nazifupisha.

Mmenialika, mimi mwandishi wa habari, nifunge siku hii ya kuwasilisha utafiti, na bila shaka mlitarajia pongezi. Sina. Nina hasira tangu asubuhi.

Asubuhi Kiden Lagu alisimama hapa. Amepima maji ya visima vya Hai Mauna, mtaa anakoishi. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa nembo ya chuo. Ikafuata picha ya Mkuu wa Chuo, kisha Mwenyekiti, kisha watahini mmoja mmoja kwa cheo, na maua yakizunguka kila uso. Mtahini mmoja akamkatiza: "Binti, mbona umeniweka nyuma ya Daktari Wani?" Ukumbi ukacheka. Kiden akaomba radhi na kuzipanga upya picha mbele yetu, huku muda wake ukienda. Kisha zikaja slaidi zilizojaa aya nzima za tasnifu, akazisoma neno kwa neno, ametupa mgongo. Alipofika kwenye jedwali la matokeo, ambalo hata mstari wa mbele haukuweza kulisoma, Mwenyekiti akagonga meza: "Khalas, binti! Muda umekwisha." Jopo likaamua kwamba hakuwasilisha matokeo, arudie mwakani.

Nani alimfundisha hayo? Wakati wa chakula nilikwenda sokoni Custom, kwenye kibanda alikotengenezewa slaidi. Mwenyewe, Wasswa, hakuwa na la kuficha. "Mzee, wanafunzi yote nataka wakubwa mbele. Ile haina picha, mwalimu narudisha. Mimi iko na sura zao yote kwa kompyuta, mpaka ile ya suti mpya!"

Waheshimiwa, mtoto wa Hai Mauna anayeharisha atapona kwa kuiona suti hiyo?

Wanafunzi, anzeni na mlichogundua. Slaidi moja ibebe jambo moja, kwa herufi ambazo aliyekaa karibu na mlango atazisoma. Jedwali refu libaki kwenye tasnifu. Hapa tuchoreeni picha yake. Maelezo yatoke kinywani mwenu, mkitutazama usoni. Na shukrani? Mwisho, muda ukibaki.

Niliporudi nilimuuliza Kiden, "Uligundua nini hasa?" Akanijibu kwa sentensi moja, bila karatasi. Nikamwomba aitengenezee slaidi moja. Ndiyo hiyo nyuma yangu: ramani ya visima vya mtaa wake, vyote vya buluu isipokuwa kimoja chekundu. Hicho kina kinyesi ndani ya maji, na leo asubuhi, sisi tukipanga vyeo, watu walikuwa foleni wakichota.

Mwenyekiti, muda wangu uliobaki ni wa Kiden. Uamuzi wenu wa asubuhi ufungueni tena, hapa hapa, mbele ya wazazi wake.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.