Mabati ya Senene Koridoni

Kina mama wenzangu, namshukuru Mungu kwamba leo nimesimama ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na sitetemeki. Wanaonijua wanaelewa ninachosema.

Mimi na mume wangu tulipanga Kashai, hapa Bukoba, chumba cha mwisho kwenye korido. Msimu wa senene ukifika, nani kati yetu hatafuti mabati? Usiku unayasimamisha nje chini ya taa kali, panzi hao wa kuliwa wanafuata mwanga, wanagonga bati na kuteleza ndani ya pipa; asubuhi unayarudisha ndani yasiibwe. Wapangaji wote tuliyaegemeza kwenye mlango wa nyuma wa korido, maana tulizoea kupita wa mbele. Msinicheke, najua humu kuna mtu anawaza kwake.

Moto ulianza mchana, chumba cha mbele, kwenye nyaya za hizo taa. Mimi nilikuwa sokoni na mwanangu. Mume wangu alikuwa amelala, amechoka kutega. Madirisha yote yana nondo, na mbele hapapitiki. Ndugu zangu, nawaambia, waliozima moto walimkuta kwenye mlango wa nyuma. Alishahamisha mabati karibu yote. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa. Lakini mlango ule ulikuwa wa kufungukia ndani, na mabati yaliyobaki yaliuzuia.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa mama yangu, Muleba. Kulala ndani nilishindwa kabisa. Nilikaa barazani na mwanangu hata mvua ikinyesha. Wengine walisema nimerogwa. Mimi nilichukia kuta tu.

Mama hakunihubiria. Alimwita fundi akamwambia, "Waitu, tafadhali, mtobolee binti yangu mlango mwingine chumbani kwake. Ufungukie nje, asukume tu."

Fundi akashangaa. "Bibi, chumba kimoja milango miwili?"

"Wewe toboa."

Ulipokamilika niliusukuma, nikatokea kwenye migomba. Nikarudi, nikasukuma tena, na tena. Nililia sana, mama amenishika. Kisha nikaingia nikalala.

Asante mama yangu. Asanteni na ninyi mlioniita nirudi Bukoba, mkaja Rwamishenye kukagua nyumba kabla sijahamia, mkajaribu kila mlango kwa mikono yenu. Sijui kama mnajua mlinifanyia nini.

Sasa senene wanakaribia. Mabati yakae nje, na yakiibwa yaibwe. Mwanangu ameanza kuuliza baba yake alikufaje. Namwambia ukweli: mlango ulikuwepo, na ufunguo alikuwa nao. Sisi sote tuliokaa nyumba ile hatukumwachia nafasi ya kuufungua.