Mwalimu Sabaha, Soko Lake na Kibao Chetu

Mwalimu Sabaha Muzamil anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza. Yote ameitumikia hapa hapa Babati, kwanza upande wa Bonga, kisha katika shule yetu ya Sekondari Mawemapana, Singe. Mkuu wa shule amenipa mimi, Salvatory, ukurasa huu wa ratiba ya sherehe na kuniomba niandike mambo ya kufurahisha. Ya kufurahisha yapo na nitayaandika. Lakini nimekasirika, na asiyetaka kusoma hasira za mwalimu wa Jiografia afunue ukurasa unaofuata, atakuta vyakula vya leo.

Tuanze na kumjua mwenyewe. Alizaliwa mjini, nyuma ya duka la baba yake, mzee Muzamil, aliyeuza sukari, kahawa, viungo na mafuta ya taa. Babu yake alitoka Pangani na marobota ya kanga, akaoa hapa, Pangani akabaki kuisikia tu. Kwa hiyo Mama Sabrina, kama majirani wanavyomwita kwa jina la binti yake, ni mtu wa Babati kuliko wengi wetu tulioteremka juzi kutoka Mbulu na kuanza kujiita wenyeji. Salamu za Kiiraqw anazijua. Huzitamka vibaya, wazee humwitikia kwa heshima zote, na hucheka akishapita.

Alipoanza kazi aliwakuta watoto wale wale tulionao leo. Nyumbani wanasema Kiiraqw au Kigorowa, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, halafu siku moja ya Januari wanaingia kidato cha kwanza na kila mwalimu anawasemesha Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao anageuka bubu. Wengi wetu tulimwita mtoto huyo mzito. Mwalimu Sabaha alisema mtoto ana woga, na kwamba woga huo una dawa, na dawa yenyewe ipo dukani kwa baba yake.

Dawa hiyo ndiyo Soko la Maneno. Kwa walioingia shuleni hivi karibuni na hawakuliona, nalieleza. Jumamosi ya kwanza ya muhula, kila mtoto wa kidato cha kwanza alikuja na kitu kimoja cha nyumbani: limau, sukari kidogo ndani ya karatasi, punje za kahawa, chupa ya sharubati. Mikeka ilitandikwa uwanjani, bidhaa zikapangwa, na malipo yalikuwa maharage. Mnunuzi alitakiwa kuomba kitu kwa Kiingereza. Muuzaji alitakiwa, kabla ya kupokea maharage yake, aseme jina la kitu hicho limesafiri vipi.

Na hapo ndipo watoto walipofumbuka macho. Limau ni “lemon”, sukari ni “sugar”, kahawa ni “coffee”, zafarani ni “saffron”, sharubati ni “sherbet”. Majina hayo yalitoka kwa Waarabu, yakashika njia mbili. Njia moja ilishuka pwani yetu, yakaingia katika Kiswahili. Nyingine ilipita Uturuki, Italia na Hispania, ikapanda mpaka Uingereza. Mtoto wa Nakwa aliyeshika limau mkononi alikuwa tayari ameshika nusu ya neno la Kiingereza, ila hakuna aliyewahi kumwambia. Mwalimu Sabaha alimwambia. Alikuwa akirudia kila mwaka kwamba Kiingereza ni lugha iliyokopa kwa majirani kama watu wengine wote, na mkopaji mwenzako humwogopi.

Hakuwa mtu wa kulazimisha mambo. Mahindi, ambayo ndiyo yaliyoletwa kwa wingi, aliyapeleka mkeka wa mwisho, kwa sababu jina lake la Kiingereza halikupita Arabuni, na mwenye mahindi alipewa kazi ya kutafuta lilikopita. Mwaka mmoja alikuja Sosthenes mikono mitupu, kwa kuwa mama yake alikataa kutoa sukari ya chai iende ikachezewe. Watoto wakamcheka. Mwalimu akamkalisha kwenye mkeka wake mwenyewe na kutangaza kwamba huyu ameleta sifuri, na sifuri na “zero” ni ndugu wa baba mmoja. Sosthenes aliuza sifuri mpaka saa sita, akaondoka na maharage kuliko wenye kahawa. Leo ni mhasibu Katesh, na watu wanaomfahamu wanasema bado anaijua thamani yake.

Yupo pia Sadock wa Bonga, aliyenuna wiki nzima alipoambiwa kwamba Waingereza jina lao la twiga, “giraffe”, walilipata kutoka katika Kiarabu. Alisema twiga ni wa kwetu, anakula miiba yetu, na waliomhitaji wangetuuliza sisi. Mwalimu alimpa maksi kamili kwa hoja hiyo, kwa sharti airudie yote kwa Kiingereza mbele ya darasa. Sadock akairudia. Sarufi ilikuwa imepinda kama barabara ya Dabil, lakini mtoto alisema, tena kwa hasira, na mtu anayeweza kukasirika kwa lugha fulani ameshaanza kuimiliki.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, mwaka baada ya mwaka, hadi kidato cha kwanza cha kwake kilipokuwa kinajulikana kwa kelele. Sasa naomba mnivumilie, maana furaha inaishia hapa.

Miaka miwili iliyopita alikuja mzazi mmoja, mzee Anselimu, mkulima wa Nakwa, akasimama ofisini na kofia mkononi. Alisema, “Mimi nimeleta mtoto asome Kiingereza. Amerudi nyumbani ananiambia sukari ni ya Waarabu. Hapa ni shule au ni madrasa?” Wiki iliyofuata akaja bwana Halidi, mfanyabiashara wa mjini, naye ana lake. Amesikia kwamba Mwalimu Sabaha amewafundisha watoto kuwa “alcohol” ni neno la Kiarabu. “Dada yangu,” alisema, “wewe umelelewa vizuri. Pombe unaipaje jina la lugha yetu ya dini?” Mwalimu alimweleza kwamba neno lenyewe mwanzo lilikuwa wanja, ule wa kupaka machoni, likaja kubadilishiwa kazi huko Ulaya. Bwana Halidi alisema wanja ni wanja na pombe ni pombe.

Kwa hiyo Mkristo alilalamika kwamba tunafundisha Uislamu, na Mwislamu alilalamika kwamba tunautukana. Wote wawili wanakunywa chai katika mgahawa mmoja, sukari wanachota kutoka bakuli moja, na sijasikia mmoja wao akiiuliza sukari dhehebu lake. Ilikuwa kazi ya nusu saa kuwaita wote wawili wakae mkekani Jumamosi moja na kununua limau. Uongozi wa shule ukaona hiyo ni kazi ngumu. Ukasema kwamba kwa ajili ya amani Soko la Maneno lisimame, na Mwalimu Sabaha aondolewe kidato cha kwanza, asimamie bustani.

Mwalimu aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na miwili tulimpa mchicha amwagilie. Naliandika hili katika karatasi ya sherehe yake, nikijua kwamba mgeni rasmi atalisoma. Mkuu wa shule akitaka kulifuta kabla ya kuchapwa, alifute, nitalisema kwa mdomo.

Mahali pa soko tukaweka kibao. Ni kipande cha ubao kilichokatwa katika karakana yetu wenyewe, kina kamba, na kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa amesema Kiswahili. Mtoto akiteleza ulimi anavishwa shingoni. Atakivua tu akimnasa mwenzake, na anayekutwa nacho kengele ya jioni anasafisha vyoo. Tuliambiwa kitaleta Kiingereza. Kimeleta watoto wanaojibanza nyuma ya madirisha kusikiliza nani atasema “nipe kalamu”. Marafiki wameacha kukaa pamoja. Mapumziko ya saa nne uwanja unanyamaza kama kuna msiba, na wageni wanatusifu kwa nidhamu.

Mwezi wa nane mwaka jana kibao kilikuwa shingoni kwa Vailet wa kidato cha kwanza. Tumbo lilianza kumkata asubuhi. Hakujua kusema tumbo linakata kwa Kiingereza. Alikuwa ameshavaa kibao, akaogopa kuongeza kosa, akakaa. Aliulizwa kwa Kiingereza kama ana tatizo, akatikisa kichwa. Aliulizwa tena, akatikisa tena. Adhuhuri Mwalimu Sabaha, akiwa na ndoo yake ya bustani, alimkuta amejikunja karibu na bomba. Alimuuliza kwa Kiswahili, “Mwanangu, unaumwa wapi?” Mtoto, kabla ya kujibu, alishika kibao kwanza.

Mwalimu alikivua, akambeba mpaka barabarani, akasimamisha bajaji. Kilikuwa kidole tumbo. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, na daktari alimwambia mama yake, Xaveria, kwamba wangesubiri jioni wangekuwa wanazungumza mengine. Vailet yupo, ni mzima, leo anaimba katika kwaya ya shule na mtamwona mstari wa mbele. Kila nikimwona nafikiria ile safu ya watu wazima wenye vyeti waliompita asubuhi nzima.

Mngedhani kibao kilichomwa moto siku hiyo. Mwalimu Sabaha alipewa onyo kwa kuondoa kifaa cha nidhamu bila idhini. Kisomeni tena hicho kisingizio, taratibu, maana mimi nimekisoma mara nyingi na bado hakijanishuka. Kibao kile hakukirudisha, na hajasema alikipeleka wapi. Cha pili kilichongwa kesho yake. Fundi wetu hakukosa ubao, ingawa madawati ya kidato cha pili yamevunjika tangu Pasaka na tunaambiwa ubao hakuna.

Mwezi uliopita kamati ya sherehe, ambayo mimi ni mjumbe wake, ilimfuata kumuuliza angependa zawadi gani. Ndivyo tunavyofanya hapa, mstaafu huulizwa: ng'ombe, mabati, jokofu. Alitukaribisha, akatumiminia chai, akatuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Kisha akasema hataki kitu cha kubebwa. “Watoto wa Januari wasivishwe kile kitu. Mkinipa hilo mmenipa vyote.” Akaongeza maziwa katika kikombe cha mwenyekiti, kama mtu aliyeomba jambo dogo.

Tulilipeleka ombi kwa uongozi. Jibu lilikuwa kwamba litajadiliwa na bodi mwakani, mahali na wakati mwafaka, na kwamba kamati ichague zawadi ya kawaida. Kamati ikachagua sofa. Imefungwa nailoni, ipo nyuma ya jukwaa, ina rangi ya maziwa na vifungo vya dhahabu. Hata hilo jina lake lilipitia kwa Waarabu, na nina hakika mwenyewe ataliona hilo kabla hajakaa. Atashukuru vizuri kabisa, kwa sababu ana adabu. Tutapiga vigelegele na tutapiga picha. Mgeni rasmi atasema shule imemuenzi.

Haikumuenzi. Aliombwa kusema anachotaka, akasema, akapewa kitu kingine. Mtu aliyekuja na kiu ukimpa shuka zuri huwezi kusema umempokea, hata shuka liwe la hariri.

Mwalimu Sabaha, wenzako tunakushukuru. Wapo madereva, manesi, wakulima na wauza duka kuanzia Bonga hadi Singe wanaofungua mdomo mbele ya mgeni bila kutetemeka, na wewe ndiye uliyewafungua. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wajukuu wenye maneno mengi, na hilo duka la marehemu baba yako unalotaka kulifungua tena lipate wateja wasiokopa. Maisha yako ya mbele yawe mema, na usingizi wako uwe mrefu, hata juu ya sofa yetu.

Sisi tunaobaki mtu asitutakie mema kwanza. Januari watoto wapya watapita lango lile na masanduku yao ya bati, na kibao kitakuwa kimetundikwa mahali pake kikiwasubiri. Nimeomba zamu ya lango wiki hiyo, nimepewa. Mtoto wa kwanza atakayevishwa nitamvua mimi, hadharani, na wa pili, na wa tatu. Onyo langu waliandike mapema.