Uzi Tunduni

Mbele yangu ndani ya basi, muuza mkaa alikuwa akimsuta fundi cherehani aliyeketi naye, mama mwenye mikono ya kutetemeka.

"Dada, hao watafiti wa ubongo wamekufanya panya wa majaribio!"

Panya ninaowajua mimi, niliwaza, hawaombwi kwanza kutia sahihi fomu ya kukubali.

"Walinieleza yote," fundi alijibu. "Wengine tunapewa dawa, wengine unga mtupu. Nani kapewa nini, hata daktari hajui. Bila majaribio hayo, wajukuu wetu watibiwe kwa kubahatisha?"

"Maneno matamu! Na mkono je, umepona?"

Fundi alitoa sindano na uzi. Mwaka mzima, alisema, mumewe ndiye aliyekuwa akimtilia uzi. Basi liliposimama, aliusukuma uzi mara moja tu, ukapenya tunduni. Abiria tukashangilia.

"Kama huo ni unga," muuza mkaa alisema akishuka, "nielekeze duka."