Ngumi za Sebuleni

Asalaam aleikum, dada zangu. Na nyinyi wenzetu Wakristo, hamjambo? Leo sitakaa. Nitasema nimesimama, kwa sababu naweza!

Mimi ni fundi wa nguo, hapo mtaa wa Ndia Kuu. Kazi yangu ni kukaa. Nilikaa mbele ya cherehani mpaka mwili ukanizidi na sukari ikapanda. Mamangu anaishi ghorofa ya juu, na ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale mwazijua zilivyosimama. Alipougua, akawa hawezi kushuka, nami siwezi kupanda. Nikifika nusu, pumzi zaniishia. Ndugu zangu, nawaambia, nilimsikia akikohoa juu ya kichwa changu, na uji wake apelekewa na msichana wa kazi. Nyumba moja, twapigiana simu!

Daktari akanipima, akasema, "Mama, moyo wako wastahimili. Utoke jasho hasa." Nikajaribu kukimbia barabarani. Magoti yakalia, watu wakanitazama, nikaacha.

Ndipo wifi yangu akaja na miwani mikubwa ya mchezo, ile ukiivaa huoni tena chumba, waona dunia nyingine.

"Hii si ya watoto, wifi?"

"Vaa kwanza, ndipo useme."

Subhanallah! Sebule ikapotea. Niko ulingoni, ngoma zavuma, mipira ya rangi yanijia usoni, kila mmoja wataka ngumi. Nikapiga! Nikainama, nikakwepa, nikapiga tena! Nilipoivua, dera limerowa chapachapa, wifi yuko chini acheka, na chai niliyobandika imekauka sufuriani. Mimi nilidhani ndiyo kwanza naanza.

Nikawa naingoja jioni kama mtoto aingojavyo Idi. Kweli, siku moja nililipiga kabati, kidole kikavimba. Kesho yake nikasogeza kabati.

Asubuhi moja nikachukua uji mwenyewe. Nikapumzika katikati ya ngazi, nikaendelea. Mamangu alikuwa ametazama dirishani, akadhani ni yule msichana wa kazi.

"Weka hapo, mwanangu."

"Ni mimi, mama."

Akageuka. "Nani amekubeba?"

"Nimejibeba."

Tukalia sote wawili, uji ukapoa.

Namshukuru Mola, namshukuru daktari, na wifi yangu yule pale anayejificha nyuma ya mtandio. Nanyi nawaambia: zoezi likikuchosha roho kabla ya mwili, usijilaumu, tafuta jingine litakalokuchekesha. Muulize daktari wako, kisha uanze.

Miwani nimekuja nayo. Haya, sogezeni viti! Nani wa kwanza?